Jela kama adhabu ya mwisho: mbona wengine wanaanza nayo?

Mtaani kwetu Tabata kuna mama anauza chapati na maandazi asubuhi, wanaowahi kazini wote wanamjua. Mwanae wa kwanza, kijana wa miaka 20, alikuwa kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja mifuko mitatu ya simenti haikuonekana, yeye ndo alikuwa zamu, akakamatwa. Wizi ni kosa lenye dhamana na hakimu hakumnyima, alisema dhamana iko wazi, waletwe wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA, kila mmoja asaini bondi ya shilingi 500,000. Nikajitolea kuwa wa kwanza. Wa pili akakosekana. Mjomba wake namba ya NIDA anayo ila kadi haijatoka, baba mwenye nyumba akasema jina lake haliweki kwenye kesi ya mtu, na ilipofika saa tisa karandinga likaondoka, kijana kashika wavu wa dirisha anamwangalia mama yake, mama kasimama na mfuko wa chapati ambazo hata hakuruhusiwa kumpa.

Mdhamini wa pili tulimpata baada ya wiki tatu. Barua yake ikakataliwa kwa sababu jina lilipishana herufi moja na la kwenye kitambulisho, tukarudi mtaani kuandikiwa nyingine, tarehe iliyofuata hakimu akawa na udhuru, hivyo hivyo mpaka zikafika wiki saba. Kesi yenyewe iliendelea miezi mingine kadhaa, shahidi leo kaja kesho hajaja, mwisho ikafutwa kwa sababu mlalamikaji aliacha kutokea. Kwa hiyo hakuna mahakama yoyote iliyowahi kusema yule kijana ni mwizi, na wiki saba za rumande ameshazikaa, kibarua kakipoteza, na mama yake aliuza jiko moja kati ya mawili aliyokuwa nayo ili apate nauli za kwenda na kurudi.

Naanza na huyu kwa sababu mjadala wa jela ukianza, iwe kijiweni au kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanakimbilia moja kwa moja kwa wauaji na wabakaji. Mtu akisema jela iwe adhabu ya mwisho anajibiwa "kwa hiyo majambazi tuwaache mtaani?" na hapo maongezi yameishia. Lakini ukikaa nje ya mahakama yoyote ya hapa Dar asubuhi, ukaangalia wanaoshuka kwenye karandinga, wengi ni wa kesi za kawaida kabisa, simu, ugomvi wa baa, bangi kete mbili, pikipiki, deni lililogeuzwa jinai. Tukitaka kuelewa hili suala inabidi tuanzie kwa hawa.

Sasa, kauli yenyewe ina maana gani. Jela kuwa njia ya mwisho haimaanishi jela zifungwe, na haimaanishi kila mtu ajaribiwe kwanza kwa adhabu ndogo ndogo mpaka aue ndo afungwe. Inamaanisha mwenye mamlaka ya kumtia mtu ndani, kabla hajafanya hivyo, ajiulize kama kuna njia nyingine inayoweza kufanya kazi ileile, yaani kutulinda sisi wengine, kumfanya mkosaji awajibike, na kumrudishia aliyeumizwa kitu. Kama ipo itumike. Kama haipo, na kwa jambazi aliyeingia na silaha nyumbani kwa watu unaona tangu siku ya kwanza kwamba haipo, basi jela. Tofauti iko kwenye nani anadaiwa maelezo. Kwa sasa anayejieleza kwanini asifungwe ni mshtakiwa. Kwa msimamo huu anayejieleza ni anayetaka kufunga.

Kuna kundi moja ambalo hili lipo wazi kabisa kisheria, nalo ni watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 37, unasema kumkamata, kumzuia au kumfunga mtoto iwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 ikaenda mbali zaidi, mtoto hahukumiwi kifungo. Ndo maana ipo Mahakama ya Watoto pale Kisutu, ipo mahabusu ya watoto Upanga, na kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya. Kwa mtoto sheria inauliza maswali yote, anaishi na nani, anasoma, nani atamwangalia, tatizo limeanzia wapi. Halafu afikishe miaka 18 na siku moja, kosa lilelile, kichwa kilekile, anapanda karandinga moja na watu wazima na hakuna anayemuuliza chochote zaidi ya "una wadhamini?" Mimi hapo ndo huwa nakwama. Kama maswali yale yana akili kwa mtu wa miaka 17, sioni yanapotezaje akili usiku mmoja.

Kwa watu wazima kuna Kanuni za Tokyo za Umoja wa Mataifa, za 1990, zinazohimiza nchi kutumia adhabu zisizo za kifungo. Najua wapo watakaosema hayo mambo ya nje. Ila Afrika yenyewe ililisemea hili mapema. 1996 kulikuwa na Azimio la Kampala kuhusu hali ya magereza, 1997 Azimio la Kadoma kule Zimbabwe kuhusu huduma kwa jamii, na Zimbabwe walikuwa wameshaanza kuitumia adhabu hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 baada ya kuona magereza yao yamejaa watu wa vifungo vifupi. Kenya wakatunga sheria yao 1998. Sisi tukatunga ya kwetu 2002. Na ukirudi nyuma zaidi, wazee wetu hawakuwa na gereza la kijiji, mtu akiiba mbuzi alilipa mbuzi na faini juu, ukoo mzima ukajua. Sisemi zama zile zilikuwa safi, kuna watu walifukuzwa vijijini na wengine waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, nasema tu kumfungia mtu kwenye chumba kwa miezi kama malipo ya kuiba kitu tulikuja kuletewa na mkoloni.

Hapa kuna fundo lazima tulifungue kwanza, maana nimegundua watu wengi wanachanganya. Mtaani tuna neno moja, "kifungo cha nje", na tunaliita kila kitu. Fulani kapewa kifungo cha nje. Ukichimba unakuta ni vitu vinne vitano tofauti kabisa.

Kuna kuachiwa kwa masharti, ambako mtu kapatikana na hatia kweli lakini hakimu anamwachia kwa sharti asitende kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12, akitenda anarudishwa kuadhibiwa na kwa lile la kwanza pia. Kuna uangalizi, ambapo unawekwa chini ya afisa uangalizi anayekufuatilia, hii sheria yake ni ya zamani sana, ya 1947. Kuna huduma kwa jamii, ya ile sheria ya 2002, ambapo mtu ambaye angefungwa kifungo kisichozidi miaka 3 anapewa kazi bila malipo, anafyeka nyasi za hospitali, anafagia shule, anachimba mitaro, saa 4 kwa siku, halafu anaenda kutafuta riziki yake na usiku analala kwake. Kuna kazi za nje ambazo zinatoka upande wa magereza wenyewe, mfungwa wa kifungo kifupi ameshaingia na anatolewa amalizie nje. Na kuna parole, ya sheria ya 1994, hiyo ni ya wafungwa wa muda mrefu walioshatumikia sehemu ya kifungo chao na bodi imewajadili na kuridhika watoke kabla ya muda kuisha.

Kwanini nahangaika kuyatenganisha? Kwa sababu mawili ya mwisho yanakuja wakati mtu tayari yuko ndani. Hayo hayawezi kufanya jela iwe ya mwisho, yanafanya jela iwe fupi. Na msamaha wa Rais nao uko huko huko. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, Sikukuu ya Muungano ya 2021 wakasamehewa 5,001. Ni jambo jema na lipo kwenye ibara ya 45 ya Katiba, familia nyingi zililia kwa furaha zile siku, ila msamaha unapunguza maji kwenye ndoo wakati bomba bado limefunguliwa. Uwezo wa magereza yetu yote kwa pamoja umekuwa ukitajwa kuwa ni watu kama elfu 29 na kitu, na mara nyingi waliomo wamevuka elfu 30. Kuna miaka karibu nusu yao walikuwa mahabusu, watu wa kusubiri, kama yule kijana wetu.

Bomba lenyewe ndo tuliangalie. Maji mengi, kwa nilivyoona mimi, yanatokea sehemu mbili ambazo hata hazina jina la kifungo. Moja ni dhamana, ya pili ni faini.

Dhamana kisheria ni haki, vituoni bango limebandikwa ukutani kabisa kwamba dhamana ni bure. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ametenda kosa. Lakini fikiria masharti ya kawaida kwa mtu wa kawaida wa mji huu. Kijana katoka Singida mwaka jana, anapanga chumba Vingunguti na wenzake watatu, mjumbe hamjui, mwenyekiti wa mtaa hamjui, ndugu pekee aliye Dar ni shangazi anayeuza samaki Feri. Atampata wapi mtumishi mwenye kitambulisho cha kazi amsainie? Jirani yake kwenye orodha hiyohiyo ya kesi, kosa zito kuliko lake, kaja na shemeji mwenye hati ya nyumba, saa sita mchana yuko nyumbani anakunywa chai. Wote wawili hawajahukumiwa. Kilichoamua nani alale wapi ni marafiki na karatasi. Na ikiwa kesi inahusu mali ya zaidi ya shilingi milioni 10, sheria inataka uweke mahakamani fedha au mali yenye nusu ya thamani hiyo, sasa niambie bodaboda anaitolea wapi.

Hapa lazima niwe mkweli, kuna mabadiliko mazuri yamefanyika. Tangu 2022 sheria inataka upelelezi uwe umekamilika kabla mtu hajafikishwa mahakamani, isipokuwa kwa makosa makubwa, na hiyo imegusa ule wimbo wa "upelelezi bado haujakamilika" tuliousikia miaka na miaka. Ila kwenye hayo makosa makubwa ndo kwenye kidonda kingine, makosa yasiyo na dhamana kabisa, kile kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho wanasheria na mahabusu wote walikuwa wanakijua kwa namba yake, 148(5). Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, hayo mtu anaweza kuelewa. Ila humo humo kuna utakatishaji fedha, yaani kuzifanya hela za uhalifu zionekane halali, na tuliona hapa katikati watu wanaunganishiwa hilo shtaka, dhamana inakufa siku hiyohiyo, wanakaa ndani mwaka, miaka miwili, mitatu. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kifungu kikabaki. Mimi siyo mwanasheria, ila naamini hakimu anayeaminiwa kumhukumu mtu miaka 30 anatosha pia kuaminiwa kuamua kama mtu huyo huyo atakimbia akipewa dhamana au la, kumfunga hakimu mikono kabla hajasikia chochote ni kuifanya jela kuwa hatua ya kwanza kwa nguvu ya sheria.

Turudi kwenye faini, maana hii watu hawaizungumzii kabisa. Zile siku za kumfuatilia kijana wetu nilikaa kwenye benchi la mahakama hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Siku moja mzee mmoja, fundi baiskeli kwa alivyojieleza, alikiri kosa la kumpiga jirani yake kwenye ugomvi wa mpaka wa choo. Hakimu akasema faini shilingi laki moja au jela miezi mitatu. Mkewe alikuwa nyuma yangu. Akafungua pindo la khanga akaanza kuhesabu, noti za elfu moja moja na mia tano mia tano, nyingine zimelowa jasho, akahesabu, akarudia, zikafika thelathini na sita elfu. Akamwangalia mzee, mzee akatikisa kichwa kama anamwambia ziweke za watoto. Askari akamshika mkono wakatoka mlango wa pembeni. Ilichukua dakika kama tatu kwa ujumla.

Sasa hakimu yule hakusema huyu mzee anastahili jela. Alisema wazi anastahili faini, ndo adhabu aliyoona inafaa. Jela ilikuja kwa sababu mfuko haukutosha. Kwa hiyo pale mahakama yenyewe imeshakiri kwamba kuna njia nyingine inayotosha, halafu njia hiyo ikafungwa kwa shilingi 64,000. Na sheria haijamnyima hakimu namna ya kusaidia, anaweza kutoa muda wa kulipa, angeweza kuangalia huduma kwa jamii, na hata mtu akiwa ameshaingia ndugu wakileta faini anatoka. Wengi hawajui kama wanaruhusiwa kuomba. Yule mama hakufungua mdomo, na nani angemwambia? Mimi mwenyewe siku ile sikujua, niliishia kukaa kimya na mpaka leo inaniuma.

Baadhi ya nchi zimekaa zikajiuliza kuhusu hizi miezi mitatu mitatu. Ujerumani kwenye mageuzi ya 1969 waliamua kwamba kifungo cha chini ya miezi sita kitolewe kwa sababu maalum tu. Scotland waliweka sheria 2010 kwamba hakimu asitoe kifungo cha miezi mitatu kushuka chini isipokuwa hakuna adhabu nyingine inayofaa, na 2019 wakapandisha ikawa miezi 12. Uingereza wizara yao ya sheria imefanya tafiti zaidi ya moja zikaonyesha waliofungwa chini ya mwaka mmoja wanarudia makosa zaidi kuliko watu wanaofanana nao waliopewa adhabu za kutumikia nje. Ukifikiria kwa maisha ya hapa unaelewa kwanini. Miezi mitatu haitoshi kumfundisha mtu ufundi wowote gerezani. Ila inatosha kabisa kibanda chake kuchukuliwa na mwingine, kodi kuisha vyombo vikatolewa nje, mke kurudi kwao, pikipiki ya mkataba kurudi kwa tajiri. Anatoka hana pa kuanzia, na namba mpya anazotoka nazo kichwani ni za watu aliolala nao selo moja.

Kuna wanaoamini tatizo ni kwamba adhabu zetu ni laini. Kwao ningewakumbusha tu tulikotoka. 1963, uhuru hauna hata miaka miwili, tulitunga Sheria ya Adhabu za Chini, mla rushwa na mwizi wa aina fulani anakwenda jela lazima, hakimu hana hiari, na viboko 24 juu, 12 akiingia na 12 akitoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akiisimulia hadharani miaka mingi baadaye, kwamba zile za kutokea ni ili akamwonyeshe mkewe. Nia ilikuwa nzuri na naiheshimu, nchi changa ilitaka kuonyesha haina utani na rushwa. 1972 sheria ile ilifutwa na kuandikwa nyingine. Rushwa je? Kila mtu anayesoma hapa anaijua hali. Ukali wa adhabu unamwogopesha mtu anayejua atakamatwa. Asiyetegemea kukamatwa hata umwekee miaka mia haisomi.

Nageukia upande wa pili sasa, na huu ndo mgumu, aliyeibiwa. 2022 hapa Dar tulipata zile siku za panya road, vijana na mapanga wanaingia nyumba kwa nyumba usiku, watu wamekatwakatwa, nakumbuka mtaani kwetu tulikuwa tunalala kwa zamu. Siwezi kumwambia mtu aliyepitia hilo habari za kufyeka nyasi za hospitali. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 na sina ugomvi na mtu hatari kukaa ndani. Ila ndani ya kundi lile kuna aliyeshika panga na kuna wa miaka 15 aliyebeba begi, na sheria inayojua kutofautisha ndiyo inayotulinda zaidi, maana nafasi na chakula cha gereza ni kilekile, ukikijaza na wauza bangi na wagomvi wa vyoo, hao wa panga hawapati uangalizi wanaostahili.

Kuna hili la hasira pia. Mwizi kakamatwa Jumatatu, Jumatano anaonekana mtaani, watu wanasema "kahonga", na safari ijayo hawampeleki polisi, wanatafuta tairi. Wananchi wenye hasira kali siyo maneno ya gazeti tu, kuna mitaa hapa mjini kila mtu anaweza kukuonyesha sehemu ilipotokea. Nakubali kabisa kwamba kama adhabu za nje hazionekani, watu watajichukulia wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya ile hasira inatoka kwenye kutoelewa kwamba dhamana siyo kuachiwa huru, kesi bado ipo, mtu anatakiwa arudi tarehe fulani, na asiporudi wadhamini wake watabanwa. Hakuna anayekuja mtaani kueleza. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeandika barua ya mdhamini, na angeweza kusimama kwenye mkutano akasema dakika mbili tu kuhusu kesi ilipofikia. Na aliyeibiwa naye apewe kitu cha kushika. Nilipoibiwa simu Ubungo miaka ya nyuma mwizi alifungwa, simu sikuiona, fidia sikulipwa, nilichopata ni siku nne za kazi nilizopoteza kwenda kutoa ushahidi. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia. Mtu aliye nje anafanya kazi anaweza kuilipa kidogo kidogo. Aliye ndani hawezi.

Halafu kuna wale vijana wa unga, hawa jamani tuwaangalie kwa jicho lingine. Nusu ya vibaka wanaochomoa vioo vya magari kwenye foleni, kwa wanavyosema watu wa vituo vya daladala, wanatafuta hela ya kete. Unamfunga miezi sita, anatoka na arosto yake palepale. Muhimbili walianzisha kliniki ya methadone, dawa inayomtuliza mtu wa unga arosto, Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke nao wakafuata, mtu anakwenda kila siku anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi anaondoka. Nawafahamu wawili waliokuwa wameshindikana kabisa, mmoja leo ana saluni ya kiume Mabibo. Kumpeleka huyo gerezani wakati dirisha la dawa liko kilomita chache na lipo wazi ni kuacha njia fupi.

Kwahiyo tukiuliza kwanini huduma kwa jamii ipo kwenye vitabu zaidi ya miaka 20 na bado hatuioni, majibu ni ya kawaida sana. Hakimu kabla hajaitoa anahitaji taarifa ya afisa uangalizi, mtu aende mtaani aulize anaishi wapi, ana familia, majirani wanasemaje, aliyekosewa anasemaje. Mtu huyo anahitaji nauli, muda, na wenzake wa kusaidiana, na siku moja mahakamani kesi ni nyingi, taarifa ikisubiriwa ni ahirisho lingine. Kuandika miezi mitatu ni mstari mmoja tu. Januari 2023 iliundwa tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikazunguka nchi na kukabidhi ripoti Julai mwaka huohuo. Mimi ningeomba pesa ya kwanza iende kwa maafisa uangalizi, pikipiki na mafuta, kabla ya kujenga selo hata moja.

Na kuna dakika moja ambayo kila mwenye ndugu mahakamani anatakiwa kuijua. Mtu akishapatikana na hatia, kabla adhabu haijatajwa, hakimu anamuuliza kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Wengi wanasema "naomba unihurumie, nina watoto" basi, wanakaa. Hapo ndo pa kusema mimi ni mkosaji wa mara ya kwanza, naomba mahakama ifikirie huduma kwa jamii, naomba afisa uangalizi aandike taarifa yangu, au kama ni faini naomba muda wa kulipa. Hakimu anaweza kukataa. Lakini ombi limeshasemwa, na atalazimika kulifikiria.

Nilimweleza hayo yule mama wa chapati wiki iliyopita, kijana wake sasa hivi anabeba mizigo Kariakoo, kesi imeisha lakini ana mdogo wake wa miaka 17 na mama hana amani. Akanisikiliza huku anageuza chapati. Akaniambia niandike, nikachana upande wa boksi la mafuta ya kula nikaandika kwa herufi kubwa, HUDUMA KWA JAMII, AFISA UANGALIZI. Akakikunja kile kikaratasi akakiweka kwenye kopo la hela, chini ya noti. Halafu akaniuliza, "Na huyo afisa, kaka yangu, ofisi yake ipo wapi?" Nikamwambia kesho asubuhi tutaenda wote kumuuliza karani.